Shaba ilionekana kila mahali, kumbe ni wavu

Chembe za nano za oksidi ya seriamu iliyochanganywa na shaba zilionyesha shaba kote kwenye ramani ya eksirei ya hadubini ya elektroni, inayoonyesha kila elementi iko wapi: kiini, ukingo, hata penye utando mtupu wa kaboni, ule unaoshikilia chembe. Hapo penye utando ndipo kosa lilipojiumbua. Wavu uliobeba sampuli ulikuwa wa shaba. Elektroni zilizotawanyika ziliugonga, nao ukatoa eksirei za 8.05 keV (kipimo cha nishati), zilezile za shaba ya sampuli.

Dawa ilikuwa wavu wa dhahabu na kishikio cha beriliamu. Nikeli isijaribiwe: mstari wake wa eksirei wa 8.26 keV unaingiliana na huo wa shaba. Tawanya unga kidogo sana kwenye ethanoli, dondosha tone moja, liache likauke, kisha pima utando mtupu kwanza. Utando huo ukionyesha shaba, usiendelee.

Mtego mwingine ni mwali wa elektroni wenyewe. Ukiwa mkali, hugeuza seriamu yenye chaji ya 4+ kuwa ya 3+ papo hapo. Dalili yake huonekana kwenye spektra ya upotevu wa nishati, yaani grafu ya nishati ambayo elektroni hupoteza zikipita kwenye sampuli: kilele cha seriamu cha karibu 883 eV hukipita kwa urefu kile cha 901 eV. Punguza mkondo wa mwali, na uchukue spektra kabla ya ramani.