Faraja ya nani

Jana jioni nilikuwa nasonga bugali. Neema, mnamjua kwa maswali yake, alikuwa akipekua picha za zamani kwenye simu yangu. Akaja kunisimamia karibu na jiko.

"Mama, huyu dada mbona hana viatu? Kofia wamemvisha, shali wamemvisha, miguu wameiacha."

Nikamwambia akawaite wenzake waje kula.

Huyo dada ni sanamu. Amekaa kwenye kiti mtaani Seoul, ng'ambo ya palipokuwa na ubalozi wa Japani, tangu tarehe 14 Desemba 2011. Ngumi zimekunjwa juu ya mapaja, ndege mdogo ametua begani, na pembeni yake kuna kiti kingine kitupu. Picha niliipiga mwenyewe Jumatano moja ya Januari 2014, nilipokuwa bado mwanafunzi kule.

Rafiki yangu wa darasani ndiye aliyenipeleka. Alikuwa akijitolea na watu waliokuwa wakisimama pale kila Jumatano saa sita mchana, desturi iliyoanza tarehe 8 Januari 1992, pamoja na wale bibi waliotendewa ukatili na jeshi la Japani wakati wa vita, wakiwa wasichana. Kabla ya hapo alinipa ukurasa mmoja niuandike kwa Kiswahili, usomwe kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo. Bibi wawili, Kim Bok-dong na Gil Won-ok, walikuwa wametangaza mwaka 2012 kwamba Japani ikiwalipa fidia siku moja, fedha yote itawaendea wanawake waliotendewa kama wao katika vita vingine. Watu hawakungoja fidia, wakaanza kuchanga. Miongoni mwa wa kwanza kufikiwa na mchango huo alikuwa Rebecca Masika Katsuva, yule aliyekuwa akiwapokea wanawake waliobakwa vitani na watoto wao karibu na Minova, huko huko kwetu Kivu. Niliposoma jina la Minova katika herufi za Kikorea, ilinibidi nikae chini.

Ukurasa wenyewe ulieleza habari za Kim Hak-sun, aliyejitokeza hadharani tarehe 14 Agosti 1991, akasema kwa jina lake na kwa uso wake kile ambacho jeshi la Japani lilimfanyia akiwa msichana. Ulieleza pia kwamba walikuwa wengi, Wakorea, Wachina, Wafilipino, Waindonesia, hata Waholanzi. Nililikuta neno wianbu, ambalo ndilo jina walilopewa na jeshi. Nikafungua kamusi, nikaandika: wanawake wa faraja. Mara saba katika ukurasa mmoja.

Siku ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wameshika vipepeo vya njano vya karatasi. Bibi mmoja alikaa mbele yetu amefunikwa mablanketi mawili, hasemi kitu, anatazama lile jengo. Kando yangu alikaa msichana wa miaka kama kumi na sita, akanipa nusu ya vipakiti vyake vya kupasha mikono moto. Akaiona karatasi yangu.

"Dada, hiyo ni lugha ya kwenu? Nisomee."

Nikamsomea. Akasikia neno moja linarudi na kurudi.

"Faraja ni nini?"

Nikajieleza kwa Kikorea changu cha kuokoteza. Nikamwambia kwetu mtu akifiwa tunakwenda matangani, tunakaa naye chini kwenye mkeka, tunamshika mkono, tunamwambia Mungu akupe faraja. Ni neno zuri sana, nikamwambia. Mtu hulisema kwa sauti ya chini.

Akanyamaza. Akamtazama bibi, akaitazama sanamu, akanirudia mimi.

"Kwa hiyo nani alikuwa amefiwa? Askari?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua. Nikatoa kalamu nilifute lile neno, wino umeganda. Nikapuliza, wapi. Yule msichana akaichukua, akaiweka katikati ya viganja vyake pamoja na kile kipakiti cha moto, akaifumbata muda mrefu, huku mtu akihutubia kwenye kipaza sauti na sisi tusisikie hata neno. Aliponirudishia ilikuwa ya moto kama yai lililotoka kutagwa. Nikafuta mara zote saba. Juu ya mistari ile sikuwa na la kuandika.

Wanasheria wana lao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 ilisema utumwa wa kingono wa kijeshi, na kwa hukumu hilo ndilo neno la haki. Lakini wapo bibi wasiotaka kuitwa watumwa, na sioni nani wa kuwalazimisha. Nilimfikiria mama mdogo, Bukavu. Yeye, yaliyompata msituni huyaita "safari yangu ya Bunyakiri". Kama mtu aliyekwenda kununua mihogo. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwekea neno jingine.

Mwishowe niliandika "wanawake waliochukuliwa na jeshi kwa nguvu". Rafiki yangu akalalamika kuwa ukurasa umejaa. Ukapelekwa hivyo hivyo. Mama mdogo sikumsomea, ingawa tulikuwa tukiongea kila Jumapili. Masika alifariki mwaka 2016, Kim Bok-dong 2019, Gil Won-ok 2025. Fidia waliyoahidi kuigawa haikuja.

Baada ya kula, Neema alirudi na simu. Nikamwonyesha visigino vya yule dada, jinsi visivyogusa chini kabisa. Nikamwambia alichukuliwa mbali akiwa mdogo, na aliporudi hakuna aliyemwachia mahali pa kukanyaga. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana.

"Nitamwonyesha bibi wa Bukavu," akasema.

Kesho ni Jumapili. Mama mdogo hupiga simu saa kumi, ile ya kuonana nyuso.