Umeanza saa ngapi, umeacha saa ngapi

Mwanza, Jumapili, usiku

Upepo wa ziwani umekata na Kirumba imetulia. Daftari la mapigo ya moyo liko mezani, la moyo unaoanza kukimbia ghafla na kuacha ghafla, na kila tukio lina mistari miwili mitatu tu. Mfano wa mwisho huu hapa:

"Saa 1:20 usiku. Umeanza ghafla, wakati wa kuinama kushika ndoo. 184. Shingo inadunda. Umeacha ghafla saa 1:46, kwa kupuliza bomba la sindano, mara ya pili. Mkojo mwingi mara tatu."

Daktari akipewa mistari hii atasoma neno "ghafla" kabla hajaitazama ile 184, yaani mapigo kwa dakika. Mtaani kila moyo unaokwenda mbio huitwa presha, na mtu hukimbilia duka la dawa kupimwa presha. Lakini presha ni nguvu ya damu kwenye mishipa, mapigo ni hesabu. Moyo unaweza kwenda 190 na presha ikawa imeshuka. Tena mashine za presha za umeme mara nyingi hushindwa kusoma mwendo huo, zikaandika kosa, mtu akaambiwa betri imeisha.

Panda ngazi za mawe za Isamilo uone moyo wa kawaida unavyokimbia: unapanda kidogo kidogo, unafika 140, ukikaa juu ya jiwe unashuka kidogo kidogo. Homa ya malaria hufanya vivyo hivyo, na upungufu wa damu, kuhara, tezi ya shingo, hofu. Hapo kinachotibiwa ni chanzo. Huu mwingine, ambao madaktari huuandika SVT (supraventricular tachycardia, mbio za moyo zinazoanzia juu ya vyumba vyake vya chini), huwaka na kuzimika kama taa. Sekunde moja 76, sekunde inayofuata 180. Mara nyingi huwa kati ya 150 na 220, na hauchagui umekaa au unakimbia.

Sababu yake ni ya nyaya. Kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo umeme hupita kwenye kituo kimoja, nodi ya AV. Wapo watu ambao kituo hicho kina njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole. Pigo moja likiwahi kabla ya wakati wake, linakuta njia ya haraka bado imepumzika, linashuka kwa ile ya polepole, kisha linarudi juu kwa ile ya haraka, na mzunguko unaanza. Ni gari lililoingia kipilefti likakosa pa kutokea. Wengine wamezaliwa na njia ya ziada nje kabisa ya kituo. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1930 na Wolff, Parkinson na White, na bado inaitwa kwa herufi zao, WPW. Mara nyingi huonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo hata mtu akiwa ametulia, na ni lazima ijulikane mapema, maana baadhi ya dawa za kupunguza mwendo, verapamil kwa mfano, zinaweza kuwa hatari kwa mwenye njia hiyo.

Kudunda kwa shingo nako kuna maelezo. Vyumba vya juu na vya chini vinakaza kwa pamoja, vya juu vinakuta mlango umefungwa, damu inarushwa shingoni. Kuta za vyumba vya juu zikivutika hutoa homoni inayoziambia figo zitoe maji, ndiyo maana ya ule mkojo mwingi, mweupe kama maji. Anayeambiwa kila mara kwamba ni wasiwasi tu, autaje mkojo huo.

Kuhesabu: vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Dole gumba lenyewe usilitumie, lina mapigo yake. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 46, ni 184. Yakiwa mepesi mno kushikika mkononi, weka kiganja chini ya titi la kushoto.

Sasa bomba. Ni bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Livute na kulisukuma mara mbili kwanza, kwa sababu jipya huwa limekwama. Kaa nusu umelala, mgongo kwenye mito. Puliza kwenye tundu lake kwa nguvu ya kutosha tu kuusogeza ule mkono wa kusukumia, na uendelee hivyo sekunde 15. Ukimaliza, papo hapo ulale chali, mtu akuinulie miguu hadi nusu ya kusimama wima, sekunde 15 nyingine. Kisha rudi kwenye mito usubiri kama dakika moja. Kupuliza kunabana damu kifuani. Ukiachia na miguu ikiwa juu, damu inarudi kwa wingi, neva ya vagus inakanyaga breki kwenye ile nodi, na mzunguko unakatika. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba kwa namna hii moyo ulirudi kwa watu 43 kati ya 100, wakati kupuliza bila kulala na kuinua miguu kuliwasaidia 17 tu. Ni hiyo miguu.

Wanaoshindwa mara nyingi hupuliza kwa mashavu kama anayewasha jiko la mkaa. Nguvu itoke tumboni. Wengine huachia sekunde ya saba, au husimama kuangalia kama umeacha, wakaanguka. Jaribu mara mbili au tatu, basi. Mwenye presha ya macho, au aliyepata shambulio la moyo karibuni, amuulize daktari kabla ya kujifunza hili. Na usikubali mtu akukande shingo. Kwa mtu mzima mwenye mishipa michafu inaweza kuleta kiharusi. Kubonyeza macho pia hapana.

Maji ya baridi usoni husaidia baadhi ya watu, watoto hasa: beseni, maji ya bomba, barafu, uso ndani huku pumzi imebanwa, kwa sekunde 15 hivi. Maji ya ziwa hayafai. Hayana ubaridi wa kutosha, na ufukweni kuna kichocho.

Kwa wavuvi nina neno. Ukiwaka mkiwa majini, mpe mwenzako injini, kaa chini ndani ya mtumbwi na boya la kujiokolea mwilini kabla ya kupuliza. Aliye Ukerewe ahesabu na safari ya maji: asisubiri usiku uingie ndipo aanze kutafuta usafiri.

Maumivu ya kifua, pumzi kubana, kuzimia au giza machoni, mapigo yasiyo na mpangilio, ujauzito: hapo bomba liwekwe chini, twende hospitali. Vilevile ukipita nusu saa. Dawa wanayotumia mara nyingi ni adenosine, miligramu 6 kwa mkupuo kwenye mshipa wa kiwiko, ikifuatwa hapo hapo na mililita 20 za maji ya chumvi. Nusu yake huisha mwilini chini ya sekunde 10, kwa hiyo ikisukumwa taratibu, au kwenye kamshipa ka kiganjani, haifiki. Ikikataa, 12. Kwa sekunde chache kifua kinabana na mtu anahisi roho inatoka. Muuguzi mzuri husema hivyo kabla. Mwenye pumu aseme mapema. Aliyekunywa kahawa nyingi pia aseme, maana hupunguza nguvu ya dawa hii.

Pumu hiyo hiyo inagusa propranolol, dawa ya kupunguza mapigo, ambayo watu huazimana kama sukari. Inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, na aliyeizoea akiikata siku moja moyo unaweza kukimbia zaidi.

Vichochezi havifanani kwa kila mtu: kukesha, pombe, mirungi, jua la mchana bila maji, dawa za mafua za kuzibua pua, vinywaji vya kuongeza nguvu. Vingi kati ya hivyo vya mwisho vina miligramu 80 za kafeini kwa mililita 250, na vijana wa bodaboda hunywa vitatu kwa zamu.

Kinachouma ni kufika kliniki moyo ukiwa umeshatulia, kipimo kikatoka safi. Dawa yake ni kujua leo, siyo siku ile, ni zahanati au kituo gani cha karibu chenye mashine ya umeme wa moyo, na kinafungwa saa ngapi. Ukifika moyo ukiwa bado unakimbia, omba karatasi ya kipimo hicho ipigwe kabla ya dawa, kisha uipige picha kwa simu, kwa sababu mistari ya karatasi hizo hufifia. Karatasi hiyo moja ndiyo atakayoishika mtaalamu wa moyo katika hospitali ya Bugando, na ndiyo itakayoamua kama kuna haja ya kuzungumzia kuichoma ile njia ya ziada kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Bomba limerudi kwenye mfuko wa daftari, pamoja na kalamu.