Nyayo kwanza, Land Cruiser baadaye

Nilivyoanza kozi ya kuongoza watalii nilidhani kazi ni kuendesha Land Cruiser na kusema "simba yule pale", kumbe wapi! Wiki nzima tumeinamia vumbi tunasoma nyayo, chui anaficha kucha akitembea, fisi zake zinaonekana, halafu anakuja duma kukuvuruga maana ni jamii ya paka lakini kucha zinatokea kwenye udongo. Mi nilikosea hilo mbele ya darasa zima, aibu yake acha tu. Ndege ndo balaa, Tanzania ina spishi zaidi ya 1,000. Wenye nafasi wanaenda Mweka, kule juu ya Moshi, chuo cha wanyamapori kilichopo tangu 1963, sisi wengine tunajibana na kozi fupi. Na Kifaransa cha kuongea na watalii bado sijagusa.