Ben Nevis, mita 1,345, na shosti wangu aliyesema turudi

Wiki ya tatu hii tangu nirudi kutoka Uskochi na kila anayenipigia swali ni hilohilo, vipi, ulifika kileleni? Sikufika. Tuligeukia juu ya zile kona kona za mwisho, ukungu umefunga kila upande, theluji inatufika juu ya vifundo vya miguu, na nimeona bora niandike yote hapa kwa sababu nikisema "sikufika" tu naona kama naidanganya ile siku.

Shosti wangu anaishi Glasgow huu mwaka wa sita. Tumekuwa tukiongea kwa video karibu kila wiki lakini kumuona mtu kwenye simu na kumuona kwa macho ni vitu viwili tofauti kabisa, siku mbili za kwanza hatukutoka hata nje, tuliongea mpaka shemeji akawa anapita sebuleni saa tisa usiku anatukuta palepale alipotuacha. Safari ya mlima niliiomba mimi. Kuna picha yake moja amesimama kileleni Ben Nevis, jua linawaka, kacheka meno yote, niliiweka kwenye simu yangu miaka mitatu na kila nilipochoka na mambo yangu nilikuwa naiangalia, nikamwambia nikija nataka unipeleke hapo. Akajibu njoo mwezi wa tano basi, ila mwezi wa tano huko juu bado ni baridi, uje umejipanga.

Tukapanda treni, mimi, shosti na shemeji, pale Glasgow Queen Street kwenda Fort William, mji ulio chini ya mlima, safari ya karibu masaa manne hivi, na mi nilikuwa nimebandika uso kwenye dirisha muda wote. Treni inakata katikati ya Rannoch Moor, yani ni nyika ya majimaji na mawe, hamna nyumba, hamna barabara, alafu ghafla inasimama kwenye kituo kinaitwa Corrour, mita 408 juu ya bahari, hamna kituo cha reli kuu kilicho juu zaidi ya hicho Uingereza nzima. Alishuka mtu mmoja tu na begi lake la mgongoni akaanza kutembea kuelekea milimani. Shosti akamwangalia mpaka akapotea, akaniambia taratibu, "Mi huwa nashuka hapa nikiwa na mawazo." Hilo sikuwa nalijua.

Sasa niseme kitu kuhusu mita 1,345, maana hata mimi nilikuwa naiona namba ndogo. Njia inaanzia bondeni Glen Nevis ambapo ni karibu usawa wa bahari, kwahiyo zile mita karibu zote unazipanda kwa miguu yako, hakuna gari linalokuleta nusu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 17. Alafu mlima wenyewe uko kaskazini mno na umekaa karibu na bahari ya Atlantiki, mawingu yakitoka baharini mlima mkubwa wa kwanza kuyapokea ni kama huo, ndo maana siku nyingi za mwaka kilele hakionekani kabisa. Na juu kuna baridi ya digrii kama 9 zaidi ya mjini, bado hujahesabu upepo. Watu wanaanza na fulana na raba bondeni kuna jua, wakifika juu ni nchi nyingine.

Usiku ule shosti akamwaga begi langu lote kitandani akaanza kuchambua. Jinzi akaitoa, akasema pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto lote. Akaweka sweta la manyoya, koti la mvua, suruali ya mvua, kofia, glavu jozi mbili, tochi ya kichwani, chai ya moto, chokoleti. Tochi ya nini na tunaondoka asubuhi? Hakunijibu, akaiweka tu. Alafu akakunjua ramani akanionyesha pembeni alipoandika kwa penseli 231 na 282, digrii za dira hizo. Ukiwa kileleni ndani ya ukungu, unaweka dira 231 unatembea mita 150, hapo unageuza dira kwenda 282 ndo unashuka. Kwanini usishuke moja kwa moja tu? Kwa sababu kulia kwako kuna majabali ya upande wa kaskazini, kuna korongo linaitwa Gardyloo linaingia mpaka karibu na njia, na ukikwepa sana kushoto unaangukia korongo lingine, Five Finger. Katikati ya hayo mawili ndo unapita wewe. Mwisho akasema, "Saa saba mchana popote tulipo tunageuka. Na mmoja wetu akisema turudi, tunarudi, hamna kujadili." Nikasema sawa, sawa, harakaharaka, akili yangu iko kwenye ile picha.

Tulianza saa mbili asubuhi. Njia mwanzoni ni ngazi za mawe, na yale mawe yamelainishwa na viatu vya watu mpaka yanang'aa kama yamepakwa mafuta, unaweka mguu unafikiria kwanza. Njia hiyo ilichongwa 1883 kwa ajili ya farasi wadogo waliokuwa wanabeba mizigo ya kituo cha hali ya hewa kilichojengwa kileleni. Watu waliishi huko juu jamani, mpaka 1904, kila saa mtu anatoka kusoma vipimo, usiku na mchana, kiangazi na theluji. Na kabla ya kituo hicho kuna bwana mmoja, Clement Wragge, kiangazi cha 1881 alikuwa anapanda kila siku kwenda kupima. Kila siku! Hizi habari shosti alitupa tulipofika kile kiziwa cha katikati ya njia, tumekaa tunakunywa chai, akaongeza na ya C.T.R. Wilson, alikaa kwenye kile kituo wiki mbili mwezi wa tisa 1894, akaona jinsi jua linavyocheza na ukungu, akavutiwa mpaka akaenda kutengeneza mawingu ndani ya maabara, na kile chombo chake ndo kikaja kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu, akapewa Nobel ya fizikia 1927. Nilimwangalia anavyosimulia nikaona huyu mtu amepafanya pale kuwa pake.

Kiziwani bado tuliona mpaka bondeni. Tukavuka kijito kinaitwa Red Burn, na kuanzia pale majani yanaisha, mawe matupu, njia inaenda kona baada ya kona, unamaliza moja unakuta nyingine, unasema hii ndo ya mwisho. Ukungu ukashuka kama mtu amefunga pazia. Kwenye mita elfu moja na kitu theluji ikaanza, kwanza madoadoa, alafu ikafunika njia yote. Kutoka hapo tukawa tunatafuta yale marundo ya mawe yanayoonyesha njia, unafika kwenye rundo moja unasimama mpaka uone linalofuata.

Tukafika kwenye rundo moja hatukuona linalofuata. Tukasubiri. Upepo unapiga toka kulia, kila kitu cheupe, juu cheupe chini cheupe, hujui ardhi inaishia wapi. Kulikuwa na nyayo za watu kwenye theluji zinakata kushoto na mi nikaanza kuzifuata kabisa, shosti akanidaka mkono. Kushoto ndo kwenye yale majabali. Theluji pale huwa inajijenga ikatokeza nje ya ukingo, unaikanyaga unadhani uko juu ya mlima kumbe chini yako ni hewa tupu.

Saa saba kasoro dakika ishirini. Akasema, "Tunarudi."

Nikabisha. Nikasema shosti imebaki kidogo, mita mia na kitu tu, nimetoka mbali mno, hata huo muda tuliopanga haujafika. Hakupandisha sauti wala hakunieleza chochote. Akaniambia, "Fungua buko la begi lako." Lile dogo la plastiki linalofunga kifuani, unabana pande mbili linaachia. Nikalishika. Vidole vinaliona lakini havibani, nikajaribu mkono wa pili, nikajaribu yote miwili pamoja, na sikuwa hata nimegundua kwamba sivisikii. Shemeji akashika mfuniko wa chupa ya chai akaniwekea mdomoni kama mtoto, yeye shosti akanivua glavu zilizolowa, akavishika viganja vyangu akaviingiza ndani ya koti lake, chini ya kwapa zake, tukasimama hivyohivyo tumegusana vipaji vya nyuso, hakuna anayeongea.

Alafu tukashuka. Nilikuwa na hasira mpaka Red Burn, nawaambia ukweli. Sikumsemesha. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, magoti yanapokea kila jiwe, shemeji akatangulia mbele yangu ili nishike bega lake kwenye zile ngazi. Tulifika chini saa kumi na moja, na pale nikageuka kuangalia juu, mlima umekatwa na wingu kama hauna kichwa.

Usiku tumelala chumba kimoja, shemeji kashasinzia, nikamwambia samahani. Akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Ile picha yangu ni ya mara ya tatu. Mara mbili niligeuka. Ya kwanza niligeuka pale pale kiziwani, nilikuwa peke yangu, ulikuwa ule mwaka wangu wa kwanza, nikakaa juu ya jiwe nikalia." Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Ulikuwa unafurahi sana nikikupigia, mwaya. Ningekuambia nini?"

Tuliongea mpaka kukacha. Ule mwaka wa kwanza wote, miezi ambayo mi nilidhani naijua, nikausikia usiku ule.

Stesheni kabla sijaondoka alinipa ile ramani. Imepasuka kwenye mikunjo na inanuka koti lake la mvua, 231 na 282 ziko palepale pembeni. Mwakani tumepanga mwezi wa nane, theluji ikiwa imeisha, na picha ya kwenye simu nimeibadilisha, sasa hivi nimeweka moja shemeji alitupiga kwa nyuma tunashuka, hatuonekani vizuri kwa sababu ya ukungu lakini ukikuza unaona mkono wake umeshika mkanda wa begi langu.