Kitabu cha kuwasomea darasa la tano

Jumamosi nimezunguka kwa wauza vitabu vya mtumba Posta nikitafuta kitabu kimoja tu, cha kuwasomea watoto wangu wa darasa la tano tukianza Vita vya Majimaji. Nimerudi na viwili, na kimoja sitakitumia.

Hicho kina kila kitu: 1905 hadi 1907, ramani, vyeo vya maofisa wa Kijerumani. Nilipokisoma kwa sauti jikoni, pumzi iliniishia kabla sentensi haijafika nukta. Mtoto aliyekaa dawati la nyuma kabisa, na kelele za bodaboda dirishani, ataambulia nini?

Cha pili ni chembamba, jalada limebanduka. Kinaanzia shambani, kwa baba anayelazimishwa kulima pamba ya Wajerumani huku nguruwe pori wakimaliza mahindi yake. Niliposoma hadi kijiji cha Ngarambe, kwa mganga Kinjekitile na maji yake ya dawa, mwanangu akaacha kumenya viazi.

"Mama, yalikuwa ya baridi?"

Swali hilo halimo kwenye mtaala, lakini ndilo ninalolitaka darasani. Huyo ameshayagusa maji. Sasa nikimweleza kwa nini watu waliamini yatazuia risasi, na kwamba njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki, atanisikiliza.

Jalada nimelibandika kwa gundi. Jumatatu naanza na shamba la pamba, tarehe zitafuata. Kurasa 4 zinatosha, niishie pale watu wanapofika kwa Kinjekitile kuchukua maji.