Jinsi nilivyoacha kumtupa mwenzangu njiani

Mbio zetu za kwanza msimu huu zilikuwa za kushindana na saa, wawili wawili. Saa husimama mpanda baiskeli wa pili akivuka mstari, kwa hiyo kutangulia peke yako ni kazi bure. Nililijua hilo na bado nikamwacha mwenzangu mara tatu. Tulimaliza tumenuniana.

Kwanza nililaumu mapafu yake. Alikuwa ametoka likizo Mombasa, na Nairobi iko juu, karibu mita 1,700. Lakini Jumapili iliyofuata, alfajiri, tukipanda Southern Bypass kuelekea Kikuyu, nikaangalia mita yangu ya kasi: kila nilipochukua zamu ya mbele, kasi iliruka kutoka kilomita 28 hadi 33 kwa saa. Yeye ndiyo kwanza ametoka kupigwa na upepo, anahaha kushika gurudumu langu, yaani kujibanza nyuma yangu nimkinge upepo, nami nishachomoka. Kumbe kosa ni langu.

Tukakubaliana hivi: anayeshika mbele haongezi kasi hata chembe. Mwenye nguvu anakaa mbele kwa muda mrefu zaidi, basi. Mimi sekunde 40, yeye 20. Akishanasa nyuma yangu anaita, "Niko!" Kwenye mlima mkali, ambako kujikinga upepo hakusaidii sana, yeye ndiye anapanga mwendo. Hilo liliniuma, sitaficha.

Mbio zilizofuata nilisikia "Niko!" hadi kilomita ya mwisho. Tulipovuka mstari, gurudumu lake lilikuwa shubiri moja nyuma ya langu.