Ramani mia za mwamba mmoja

Wiki hii nimeshinda na Yai. Ndivyo tunavyoiita modeli ndogo ya mwamba wa mafuta iliyoandaliwa Delft, Uholanzi, na kutolewa bure kwa yeyote anayetaka kujifunza uigaji, yaani kuigiza kwa kompyuta jinsi mafuta na maji yanavyopita mwambani. Ina visima 12: vinane vya kusukumia maji chini, vinne vya kutolea mafuta. Mwamba wenyewe ni wa kutungwa. Ila ndani yake imepita mikondo ya mito ya kale iliyojaa mchanga, na imepinda wapi, hakuna ajuaye. Kwa hiyo hupewi ramani moja. Unapewa 100, na yoyote kati yake yaweza kuwa ndiyo.

Shida yote ni maji. Tunayasukuma ili yafukuze mafuta kuelekea visimani, lakini yakikuta mkondo hupita humo humo, yanatokeza mapema na kuacha mafuta kibao pembeni. Tangu hapo unalipia kuvuta maji, kuyatenganisha, kuyarudisha chini. Uamuzi ni kisima kipi kifunguliwe kiasi gani, na lini, kwa miaka kama 10.

Kwa makusudi nilichukua ramani moja nikaitafutia mpango bora kabisa. Kisha nikaupeleka mpango ule ule kwenye ramani nyingine. Baadhi ziliupokea vizuri. Baadhi zilinimwagia maji. Ndiyo maana mtafiti Gijs van Essen na wenzake, mwaka 2009, walitafuta mpango mmoja wenye wastani mzuri wa faida kwa ramani zote 100. Gharama yake ni muda: kila hatua ya kuboresha, mwamba unaigwa mara mia. Laptop yangu inajua.

Mashaka si lazima yaumize. Volve, eneo la mafuta la Bahari ya Kaskazini huko Norwei, lilipangiwa miaka 3 hadi 5. Lilianza 2008, likafungwa 2016.

Hata hivyo wastani wenyewe unanisumbua. Kampuni yenye vitalu vya mafuta kila bara inaweza kuishi kwa wastani. Hasara ya huku hufidiwa na faida ya kule. Uganda haina anasa hiyo. Tilenga, mradi wake wa mafuta kando ya Ziwa Albert, imepangiwa visima zaidi ya 400, vikiwemo vya maji, na mafuta yake yana nta hata bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe joto. Ziwa Albert lina miamba yake tu, na ramani moja tu kati ya zote ndiyo ya kweli.

Basi usiku huu nimebadilisha lengo. Badala ya wastani wa ramani zote, programu itazame zile kumi zinazotoka vibaya zaidi, izipandishe hizo kwanza. Faida ya ramani nzuri itashuka, na naitoa bila kinyongo.